Kabla hujanunua mashine ya kupimia gari, ijue historia yake



Kijana mmoja anayechukua tungule Bumbwisudi na kuzipeleka soko la Mwanakwerekwe alinipigia simu. Gari yake ni Noah ya mwaka 1997. Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, gari inakunywa petroli kuliko kawaida, na ikishapata moto ikizimwa haitaki kuwaka tena. Fundi wa kwanza alimbadilishia plagi. Wa pili akabadilisha filta na pampu ya mafuta. Taa ikabaki pale pale. Siku moja gari ilizima njiani na matenga manne yakashinda juani. Tungule zikauzwa kwa bei ya kutupa.

Akaamua kununua kile kidude kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu. Kikaingia kwenye tundu vizuri kabisa. Simu ikaandika kwamba haiwezi kuunganika na gari. Akanipigia.

"Bwana shamba, nimeuziwa feki?"

"Inawezekana," nikamwambia, "lakini inawezekana pia kidude ni kizima na gari ni nzima. Tatizo ni kwamba hawajui lugha moja."

Hakunielewa, na si kosa lake. Jambo hili halieleweki mpaka mtu aijue historia yake. Ndiyo maana leo naacha kidogo mambo ya mbolea na mbegu. Gari ya kubebea mazao ni sehemu ya shamba, na ikilala, mazao yanalala nayo.

Wakati wa sikio na pua

Babu zetu Unguja walizoea mashine mapema. Mwaka 1905 kulikuwa na reli ya moshi kutoka Forodhani hadi Bububu, kama maili 7. Reli ilipokufa katika miaka ya 1920, barabara na magari vikashika nafasi. Ndani ya Mji Mkongwe vichochoro ni vyembamba, kwa hiyo gari ziliishia pembeni ya mji, kwenye soko la Darajani lililojengwa mwaka 1904, na mzigo ukaendelea kwa mkokoteni au kwa mabega ya hamali.

Gari za zama hizo hazikuwa na kompyuta. Petroli ilichanganywa na hewa kwenye kabureta, na moto uligawiwa na distribyuta. Ukitaka kuzipima, ulitumia sikio, pua na macho. Fundi alifungua plagi akaitazama ncha yake. Ikiwa nyeusi kwa masizi, petroli ni nyingi kuliko hewa. Ikiwa nyeupe kama imeunguzwa, petroli ni kidogo au injini ina moto sana. Ikiwa na rangi ya biskuti, mambo ni sawa. Kipimo hicho kinafaa mpaka leo kwa gari yoyote ya petroli, na hakina gharama zaidi ya spana ya plagi.

Mafundi wetu walinoa masikio yao kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 biashara ya nje iliwekwa mikononi mwa serikali, gari mpya na spea zikawa adimu, na gari moja ikaishi miaka mingi kwa kutengenezwa na kutengenezwa tena.

Kompyuta inaingia ndani ya gari

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Volkswagen ilianza kuuza gari zenye mfumo wa umeme wa kupulizia petroli badala ya kabureta. Mwaka 1971 ikaweka kwenye gari zake soketi maalumu ya kupimia: gari ilifika gereji ya kampuni, ikachomekwa kwenye mashine kubwa, na mashine ikatoa majibu. Wazo lilikuwa zuri, ila mashine ilikuwa ya kampuni na haikuweza kufika Mkokotoni wala Makunduchi.

Msukumo mkubwa ulitoka Marekani, jimbo la California, ambako moshi wa magari ulikuwa umeufunika mji wa Los Angeles. Serikali ya jimbo iliona kwamba gari inaweza kutoka kiwandani safi, lakini sensa moja ikifa, inaanza kutoa moshi mchafu bila mwenyewe kujua. Ikaagiza kwamba kuanzia magari ya mwaka 1988, gari ijichunguze yenyewe, na ikiona hitilafu iwashe taa na kuhifadhi namba ya hitilafu ile.

Hapo ndipo taa ya injini tunayoiogopa ilipokuwa jambo la lazima. Shida ni kwamba kila kampuni iliweka soketi ya umbo lake na namba zake. Gereji ikahitaji kifaa cha Toyota, cha Nissan, cha Honda, kila kimoja mbali.

Marekani ikaja na kanuni ya pili. Kuanzia magari ya mwaka 1996, kila gari ndogo inayouzwa nchini humo iwe na soketi ya aina moja yenye matundu 16, karibu na dereva, na namba za hitilafu za msingi ziwe za aina moja kwa kampuni zote. Kanuni hiyo huitwa OBD II. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na ya dizeli baadaye kidogo. Ile namba inayoanza na P na tarakimu nne, mfano P0115, ni matunda ya kanuni hiyo. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kununua kifaa kimoja kikasoma gari za kampuni nyingi.

Lakini gari zetu hazikutoka Marekani

Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilifunguliwa Zanzibar na Tanzania Bara, na watu wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao. Mitumba ya gari ikaanza kuingia, baadhi kupitia Dubai na nyingi moja kwa moja kutoka Japani. Japani ilitufaa kwa sababu wao, kama sisi, huendesha kushoto na usukani uko kulia. Tena sheria ya Japani inataka gari ipite ukaguzi, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu na kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Wajapani wengi huona bora kuuza gari ingali nzima. Ndivyo tulivyopata Noah, Vitz, Probox na Suzuki Keri za kubebea mizigo.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo lililomponza kijana wetu. Kanuni ya mwaka 1996 ilikuwa ya Marekani. Gari ambayo Toyota iliitengeneza ili iuzwe Osaka haikulazimika kuifuata. Tangu katikati ya miaka ya 1990 kampuni za Japani zilianza kutia soketi ile ile ya matundu 16 hata kwenye gari za kwao, lakini ndani yake kompyuta iliendelea kuzungumza lugha ya kampuni. Kanuni ya Japani iliyofanana na ile ya Marekani ilianza kwa magari mapya mwaka 2008.

Kwa hiyo kuna kizazi kizima cha gari, takriban kuanzia katikati ya miaka ya 1990 mpaka 2007, ambacho tundu lake ni la kileo na lugha yake inaweza kuwa ya zamani. Baadhi ya gari za miaka ya 2000 zinasomeka vizuri na baadhi hazisomeki. Barabara za Unguja zimejaa kizazi hicho, na muuzaji wa kidude akiona tundu linalingana hukwambia kinafaa.

Kuna jambo la pili la historia lililoziumiza gari hizi. Petroli yenye madini ya risasi iliendelea kutumika Afrika mpaka nchi za kusini mwa Sahara zilipoiacha kufikia Januari 2006. Risasi huharibu sensa ya oksijeni na kichujio kilichoko kwenye bomba la moshi. Gari zilizokuja kabla ya hapo zilikunywa sumu hiyo, taa zikawaka, na baadhi ya mafundi wakachukua njia fupi ya kuchomoa balbu ya taa. Kwa hiyo ukienda kununua gari kuukuu, fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, jiulize imefichwa nini.

Waya mfupi unaotosha

Watengenezaji wa zamani walimwachia fundi njia ya kusoma hitilafu bila mashine. Gari ya Toyota ya miaka ya 1990 huwa na kiboksi cheusi chini ya boneti, kifuniko chake kimeandikwa DIAGNOSTIC. Ndani yake kila tundu lina jina, na jina lake limechapwa upande wa ndani wa kifuniko. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, halafu unahesabu taa ya injini inavyopepesa.

Ikipepesa mfululizo bila kusita, kompyuta haina hitilafu iliyohifadhi. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara mbili, hiyo ni 22. Zile zinazoonekana mara nyingi ni hizi:

- 12: kompyuta haipati ishara ya mzunguko wa injini.
- 14: ishara ya moto wa plagi.
- 21: sensa ya oksijeni.
- 22: sensa ya joto la maji.
- 31: kipimo cha hewa inayoingia.
- 41: sensa ya throto.
- 42: sensa ya mwendo wa gari.
- 52: sensa ya kugonga kwa injini.

Kwenye Toyota nyingi zenye soketi ya matundu 16 lakini lugha ya zamani, kazi hiyo hiyo hufanywa kwa kuunganisha tundu namba 4 na namba 13. Upande mpana ukiwa juu, safu ya juu inahesabiwa 1 hadi 8 kutoka kushoto, na ya chini 9 hadi 16. Kwa hiyo namba 4 ni la nne juu, na 13 ni la tano chini. Tahadhari: tundu namba 16 lina umeme wa betri wakati wote. Ukikosea unaweza kuunguza fyuzi au kitu cha bei kubwa zaidi. Mara ya kwanza fanya na fundi anayeijua kazi hiyo, na usiguse waya za manjano za mifuko ya hewa.

Suzuki, Nissan, Honda na Mitsubishi za zamani nazo zina njia zao za kupepesa taa, lakini tundu na utaratibu hutofautiana kwa kila aina. Usichukue mbinu ya Toyota ukaijaribu kwenye Keri.

Kidude cha simu kilitoka wapi

Kampuni ndogo ya Kanada iitwayo Elm Electronics ilitengeneza kijisehemu kiitwacho ELM327, kazi yake kutafsiri lugha za kanuni ya OBD II ili kompyuta ya kawaida izielewe. Toleo la kwanza halikufungwa dhidi ya kunakiliwa. Wengine wakalinakili, likatiwa bluututhi, na bei ikashuka mpaka mkulima akaweza kulinunua. Kampuni yenyewe ilifunga biashara mwaka 2022, lakini nakala zimebaki kila mahali.

Nakala hazifanani. Nyingine zimepunguzwa uwezo, na namba ya toleo iliyoandikwa juu yake haina maana kubwa. Elm yenyewe haikutoa toleo 1.5, lakini utaliona madukani limeandikwa hivyo. Tena hata nakala nzuri inajua lugha za kanuni tu. Lugha ya ndani ya kampuni, mfumo wa breki za ABS na mifuko ya hewa kwa kawaida haviko humo. Wenye iPhone wajue pia kwamba vidude vingi vya bei ya chini vya bluututhi havishikani na simu hiyo. Wanahitaji cha waifai au cha bluututhi ya aina mpya.

Basi ununue nini?

Tazama mwaka wa gari yako kabla ya kutazama bei ya kifaa.

Gari yako ikiwa ya kabureta, hakuna kifaa cha kuchomeka kitakachokusaidia. Nunua spana ya plagi na mita ndogo ya kupimia umeme, na mheshimu fundi mwenye sikio.

Ikiwa ni Toyota ya miaka ya 1990, anza na waya na mita. Gharama yake ni ndogo, na majibu mengi utayapata.

Ikiwa ni ya kati ya 1998 na 2007 iliyotengenezwa kwa soko la Japani, usinunue kitu kabla ya kujaribu. Mwambie muuzaji akichomeke kwenye gari yako, swichi ifunguliwe, na usitoe fedha mpaka uone namba ya mzunguko wa injini ikisomeka kwenye simu. Akikataa, mshukuru uondoke. Isiposoma, unahitaji kifaa cha gereji chenye lugha za kampuni zenyewe, ambacho bei yake ni kubwa kwa mtu mmoja. Hapa nawashauri mfanye kama mnavyofanya kwenye upatu: wenye gari sita au saba wa shehia moja wachangie kifaa kimoja, kikae kwa mtu mwaminifu, na kila anayekitumia aandike kwenye daftari gari gani, namba gani, na dawa ilikuwa nini. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na thamani kuliko kifaa.

Ikiwa ni ya 2008 kuja juu, kidude cha bei ndogo mara nyingi kitatosha kusoma na kufuta hitilafu za injini. Hata hivyo ijaribu kwanza.

Namba ni jani la manjano

Nimalize kwa jambo la kazi yangu. Mkulima huniletea jani la manjano akaniuliza atie mbolea gani. Jani la manjano halisemi mbolea. Linaweza kuwa njaa ya naitrojeni, maji yaliyotuama, au mdudu mzizini. Inabidi tuende shambani tukachimbe.

Namba ya hitilafu nayo ni jani la manjano. Inakwambia kompyuta imelalamika wapi, haikwambii ununue nini. Namba 22 haisemi "nunua sensa ya joto". Inasema ishara kutoka njia ile si sahihi, na njia hiyo ina sensa, waya, plagi ya waya na nati ya kufungia kwenye bodi. Kwetu kisiwani, hewa ya chumvi hula nati na vichwa vya waya kabla ya kuila sensa.

Kinyume chake pia ni kweli. Muhogo wenye ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaweza kuwa na majani ya kuridhisha huku mizizi ikioza chini. Gari nayo inaweza kuwa mgonjwa bila taa kuwaka: kompresheni imeshuka, au petroli ina maji. Kutokuwepo namba si cheti cha afya.

Kwa hiyo andika namba kabla ya kuifuta. Angalia waya, fyuzi na mipira ya hewa kabla ya kununua spea. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kisha futa, uendeshe siku mbili tatu, na upime tena.

Yule kijana nilikwenda naye kwa fundi mzee. Tulifungua kiboksi cha DIAGNOSTIC, tukatia waya, taa ikapepesa: mbili, kimya, mbili. Sensa ilipimwa kwa mita ikaonekana nzima. Fundi akaufuata waya kwa vidole mpaka nyuma ya injini, akakuta umeguguniwa na panya. Gari ilikuwa inalala ubavuni mwa banda la mahindi. Waya ulikuwa unagusa na kuachia, na ukiachia kompyuta inadhani injini ni ya baridi na inamwaga petroli. Waliunga waya, wakaufunika kwa tepu, wakachomoa fyuzi ya EFI kwa muda ili kumbukumbu ifutike, wakairudisha. Taa haikuwaka tena.

Kazi yote haikufika hata nusu ya bei ya pampu aliyokuwa ameshanunuliwa bure. Kidude chake hakukitupa: amempa shemeji yake mwenye Probox ya 2012, na kule kinasoma. Gari yake mwenyewe sasa inalala mbali na banda, na paka wawili wamepata ajira.